Kukunja Bandeji, Kuvunja Maneno

Mke wangu Nyakio alijifunza Kiingereza kwa kukunja bandeji. Si mimi niliyemfundisha, ingawa nilikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi sikupenda kulisema hilo. Tulimzika mwezi wa nne, mvua ikianza. Wengi waliosimama kaburini walikuwa wamezaliwa mikononi mwake, na kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia. Langu ni hili, na ninaliandika kabla uzee haujanifundisha kulipamba.

Ilikuwa mwaka wa 1958. Tulikaa katika shamba la mzungu huko Subukia, shamba la kahawa, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Nilifundisha shule ya shamba, chumba kimoja cha mbao chenye madarasa manne ndani, kila darasa likitazama ukuta wake. Nilikuwa nimefika kidato cha pili kabla ya Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau kunikatiza masomo, na katika shamba zima hapakuwa na Mwafrika mwingine aliyefika hapo. Karani, Wasike, alikuwa ameishia darasa la nane. Kipkemboi, dresa wa dispensari, yaani mfunga vidonda, aliishia la sita. Nilijua darasa la kila mtu, kama mtu anavyojua ng'ombe wa jirani.

Nyakio aliishia la nne. Alisoma Biblia ya Kikuyu vizuri na Kiswahili pia, lakini Kiingereza alikijua cha salamu tu. Tulikuwa na binti mmoja, Wachuka, wa miaka mitatu. Wa pili alikufa siku aliyozaliwa, juu ya gunia, kabla lori la maziwa halijafika kumpeleka mama yake hospitali. Tangu siku hiyo Nyakio alikuwa akienda kila nyumba yenye mwanamke wa kujifungua. Akirudi husema neno moja tu: "Ningejua."

Basi siku moja Kipkemboi akaleta habari kwamba hospitali moja ya Nakuru inatafuta wanawake wa kufundishwa kazi ya wodi ya wazazi. Hata walioolewa watachukuliwa. Mtu atasoma Kiingereza kwa sauti mbele ya metroni, mkuu wa wauguzi, maana chupa na kadi za wagonjwa zote zimeandikwa Kiingereza, na kama ameolewa ataleta barua ya mumewe ya kumruhusu.

"Utaniandikia?" Nyakio aliniuliza jioni ile, akimenya viazi.

"Jifunze kusoma kwanza," nikamwambia. "Nitakufundisha mimi."

Nilimfundisha nilivyofundishwa. Nilisoma, akarudia. Akikosea, niligonga meza kwa rula. Maneno mafupi aliyapata upesi, lakini akifika kwenye neno refu aliliruka, kama mtu anavyoruka mtaro, na nikimrudisha alisimama pale pale ukingoni.

"Hili ni gumu," nilikuwa nikimwambia. "Rudia."

"Baba Wachuka," akaniambia siku moja, "wewe kazi yako ni kuniambia neno ni gumu. Hilo nilikuwa nalijua kabla sijakuuliza."

Wiki iliyofuata akaanza kwenda dispensari kila alasiri. Alisema anataka kuzoea harufu ya dawa. Alisaidia kufua bandeji, kwa sababu siku zile bandeji haikutupwa: ilifuliwa, ikachemshwa kwenye debe, ikaanikwa kwenye waya, kisha ikakunjwa upya iwe gombo la kumfunga mgonjwa mwingine. Sikuona ubaya. Nilifurahi hata kidogo, kwa maana rula ilikuwa imeanza kunichosha.

Ubaya niliuona siku Wasike alipokuja kwetu kunywa chai. Alileta gazeti la wiki iliyopita alilopewa na bwana wetu mzungu, akawa anasoma habari ya homa ya ng'ombe, na akakwama kwenye neno.

"Mwalimu, hili linasemwaje? T, e, m, p..."

"Tem-pe-ra-TU-re," nikasema bila kulitazama.

Nyakio alikuwa akimimina chai. Hakuinua macho. Akasema polepole, kama mtu anayejisemea, "TEM-pra-cha."

Wasike akaweka gazeti chini. Alikuwa mtu wa kupenda kucheka kabla ya kujua kinachochekesha.

"Mwalimu," akasema, "naona shule imehamia dispensari."

"Huko husemwa vibaya," nikamjibu. "Dresa alisoma mpaka la sita."

"Sawa. Lakini yeye ndiye anashika kipimo."

Alipoondoka nikachukua kamusi yangu ya kidato cha pili. Mbele ya kipande kimoja cha kila neno palikuwa na kialama kidogo, kama unywele uliodondoka. Nilikuwa nimekiona miaka yote nikidhani ni mambo ya wachapaji. Nikarudi mwanzo wa kitabu, mahali ambapo hakuna anayesoma, na hapo nikakuta imeelezwa kwamba kialama kile kinaonyesha mahali pa kutia nguvu. Nikatafuta neno lile. Kialama kilikuwa mbele ya TEM. Nikafunga kamusi nikairudisha juu ya kabati. Nyakio alikuwa akimwosha mtoto miguu. Sikumwambia.

Kesho yake niliwaachia watoto mapema nikaenda dispensari. Mlango ulikuwa wazi. Wagonjwa wawili walikaa kwenye benchi nje, mzee mwenye jicho jekundu na mama mwenye kikohozi, nao walikuwa wakitazama ndani kama watu wanaotazama mchezo.

Kipkemboi alisimama upande mmoja wa chumba ameshika ncha ya bandeji. Nyakio alisimama upande wa pili akiikunja kuelekea kwake. Kila mzungusho mmoja wa gombo alitamka kipande kimoja cha neno, na penye nguvu alivuta bandeji ikakaza.

"Ther," akazungusha. "MO," akavuta. "Me. Ter."

"Tena lingine."

"Am-BU..."

"Hapana. Umeivuta wapi? Legeza. Rudi."

Akafungua mzungusho mmoja. "AM," akavuta. "Bu. Lance."

Kwa kila neno alisogea hatua. Bandeji ilifupika kati yao, na lilipokwisha neno la mwisho mikono yao ilikuwa karibu kugusana, naye Kipkemboi akaachia ile ncha ikaingia kwenye gombo. Nyakio akacheka. Nyumbani alikuwa akitabasamu, lakini kicheko kile kilichotoka tumboni sikuwa nimekisikia tangu tuzike mtoto.

"Mwalimu, karibu," Kipkemboi akasema aliponiona. Alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele, na mke wake alikuwa Kuresoi akilima viazi. "Njoo ushike huku, mkono wangu umechoka. Mke wako atamaliza kamusi kabla ya mahindi kukomaa."

"Hii ni shule gani?" nikauliza.

"Hii si shule. Ni uvivu. Nilikuwa nakunja bandeji peke yangu nikinuna, sasa nakunja nikiimba majina ya dawa. Daktari anakuja kila Jumatano, anataja dawa, mimi nasikiliza mahali anapokanyaga. Sisi tunakanyaga mahali pamoja tu. Ki-TA-bu. Daf-TA-ri. Kiswahili ni mtu wa nyumba yake, anakaa chumba cha pili kutoka mwisho, ukimtafuta unamkuta. Kiingereza ni kama babu zangu, kinahama na ng'ombe."

Mzee wa jicho jekundu akacheka huko nje.

"Lakini kuna wajomba," Nyakio akaniambia. Macho yake yalikuwa yaking'aa. "Yale yenye mkia wa -tion. Hayo yanakaa kama ya kwetu. O-pe-RA-tion. Vac-ci-NA-tion. Ukiona mkia huo, vuta hapo kabla yake, huwezi kukosea."

"Na neno refu huwa lina kichwa, moyo na mkia," Kipkemboi akasema. "Usiliogope lote. Kamata kwanza kichwa, un- au dis-. Hicho ni kichwa cha kukataa, kama ile si- yetu ya sisomi. Kisha mkia. Ukiona -able, ni kama -ika. Kula, kulika. Soma, someka. Ukishatoa kichwa na mkia, utakuta moyo ni kaneno kadogo tu, pengine ulikuwa unakajua tangu zamani."

Nilisimama pale. Nilikuwa nimekariri maneno hayo marefu kwa mamia, nimepigwa kwa ajili yake, nikafaulu mitihani kwa ajili yake, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yana moyo. Ningeweza kushika ile ncha ya bandeji. Kipkemboi alikuwa ameninyoshea mkono. Nikasema nina madaftari ya kusahihisha.

Tangu siku hiyo sikuwa mtu wa kukaa naye. Nyakio akirudi nilinusa harufu ya ayodini, dawa ya vidonda, mikononi mwake, na nilimwambia chakula kina harufu hiyo, hata siku ambayo hakikuwa nayo. Nilianza kupita dispensari bila sababu. Mlango ulikuwa wazi kila siku, na wagonjwa walikuwa kwenye benchi kila siku. Mtu mwenye akili angetulizwa na hilo. Mimi nilijiambia kwamba wanauacha wazi kwa ujanja.

Sikuweza kuamua ni wivu gani ulionila. Mara ulikuwa wivu wa mume, nikaona ile bandeji ikifupika kati yao. Mara ulikuwa mwingine, mbaya zaidi kwa sababu sikuwa na jina lake: niliona mwanamke wa darasa la nne akiingia mlango ambao mimi nilisimama nje yake miaka yote, nikiwa na ufunguo juu ya kabati nisijue ni ufunguo.

Wasike alinisaidia kuchochea moto. Tukikutana kwenye mashine ya kumenya kahawa aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, leo umefundishwa nini nyumbani?" Wengine walicheka kwa adabu, wakitazama kahawa.

Nikamwambia Nyakio asiende tena.

"Nisiende," akasema, "nisome na nani?"

"Na mimi."

"Wewe?" Hakusema kwa dharau. Aliuliza kweli, kama anayetaka kujua njia ya karibu. "Baba Wachuka, wiki ngapi umeshika kitabu na mimi ukawa huna hasira?"

Akaenda.

Siku ya kwenda Nakuru ikatajwa, Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Nyakio aliniletea karatasi na kalamu Jumapili tulipotoka kanisani, akaziweka mezani, akafuta meza mara mbili.

Wakati huo Kipkemboi alikuwa amekwisha kumwonya juu ya mtihani. Alituambia sote wawili, tukiwa tumesimama njiani. "Metroni ana karatasi moja tu, ya kuchemsha maziwa ya mtoto. Ni ile ile kila mwaka. Wasichana wa Nakuru wameikariri, wanaisoma hata macho yakiwa yamefumbwa. Wewe usiikariri, mama. Soma. Siku akichoka na maziwa, ataokota karatasi yoyote."

Nilikaa na ile karatasi alasiri nzima. Mwanzo niliandika vizuri. Niliandika kwamba mimi, Naftaly, mwalimu, sina kipingamizi mke wangu aje kufundishwa. Ningeishia hapo. Lakini nje nikasikia sauti yake akimfundisha Wachuka wimbo huku akikunja kitambaa cha mtoto, na katikati ya wimbo akatamka kipande cha neno la dawa, akavuta kitambaa, akacheka peke yake.

Nikateremsha kamusi.

Nikaandika *however*, yaani lakini. Kisha nikaandika kwamba ninalazimika kueleza ya kuwa mke wangu ni *unreliable*. Nikaandika *uncontrollable*. Nikaandika *disrespectful*. Na mwisho nikaandika kwamba *associations* zake huko dispensari ni *questionable*. Nilichagua maneno marefu kwa sababu mbili. Metroni ajue kwamba aliyeandika si mtu wa hivi hivi. Na Nyakio, akiichungulia, aone msitu.

Sikutaka aumie. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Metroni ataisoma kimya, atasema nafasi zimejaa, na hakuna atakayejua kwa nini. Nyakio atarudi nyumbani na huzuni, nami nitamtuliza, kisha tutaanza kusoma pamoja polepole, mimi nikiwa na kamusi yangu na kialama changu. Nilikuwa nimeshapanga hata neno la kuanzia.

"Umeandika nini?" akaniuliza nilipokuwa nikilamba bahasha.

"Nimekubali."

"Mbona ndefu?"

"Kiingereza cha barua ndivyo kilivyo."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaifunga kwenye leso safi, akaiweka ndani ya Biblia.

Siku zile sisi Wakikuyu hatukutoka shambani bila kibali. Bwana alituandikia kimoja cha watu wawili, nasi tukapanda nyuma ya lori la maziwa, katikati ya mikebe. Nyakio alivaa koti langu juu ya gauni lake ili vumbi lisimshike. Njia nzima midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Karibu na mjini akaniegemea kidogo, akaniambia, "Naogopa." Nikamwambia asiogope. Nilikuwa na nafasi hapo ya kuitwaa ile barua. Ningeweza kusema nimesahau kitu, niiandike upya. Lori lilisimama mara mbili kupakia mikebe mingine. Nikasaidia kuipanga.

Hospitali tulikaa kwenye baraza pamoja na wanawake wengine. Mlango wa ofisi ya metroni uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Aliyeitwa kabla yetu alikuwa msichana mnene mwenye viatu vipya, ambaye alikuwa ametuambia jina lake ni Akoth na kwamba dada yake anafanya kazi humo humo. Aliingia kwa madaha. Tukamsikia akisoma habari ya maziwa ya mtoto, haraka, bila kupumua, kama mtu anayeteremka mlima. Kisha sauti ya metroni ikamkata.

"Wewe. Hapana soma tena. Tazama karatasi."

Kisha metroni tena:

"Hii karatasi iko juu chini."

Akoth alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Alipotupita akanong'ona, "Ameigeuza makusudi, huyo mama." Wanawake wote barazani wakatazama miguu yao, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekariri maziwa.

Tukaitwa, mimi pia, maana mume alitakiwa kutia sahihi kitabuni. Metroni alikuwa mwanamke mzungu wa makamo, mwembamba, mikono yake imechubuka kwa sabuni. Hakutupa viti. Nyakio akafungua Biblia, akafungua leso, akatoa bahasha. Metroni akaipasua, akatazama jina langu chini, akatazama mstari wa kwanza. Kisha akaitazama ile karatasi ya maziwa mezani, akaisukuma kando kama sahani chafu.

"Maziwa basi," akasema. "Kila mtu najua maziwa. Wewe nasoma hii."

Akampa barua yangu.

Nikafungua mdomo niseme kitu, na metroni akaniinulia kidole bila kunitazama.

Nyakio akaishika karatasi kwa mikono miwili, kama alivyoipokea kwangu. Mstari wa kwanza aliupita kama maji. Jina langu alilisoma kwa sauti ya juu kidogo, nikaona kwamba analionea fahari. *Objection* akaivuta mahali pake, akamtazama metroni upesi kuona kama amesikia. Ilikuwa mjomba.

Kisha akafika.

"Un," akasema. Akasimama. Kidole gumba chake kilizunguka juu ya kidole cha shahada, mzungusho mmoja mdogo. "Un-re-LI-a-ble."

Alikunja uso. Niliujua uso ule. Ulikuwa wa mtu aliyeweka mkono ndani ya kapu na kugusa kitu asichokitia humo. Lakini hakuacha.

"Un-con-TROLL-a-ble."

Hapo uso ukanyooka. Sijui nieleze vipi. Haukukasirika wala haukulia. Ulifungwa, kama dirisha linavyofungwa polepole na mtu asiyetaka kuamsha walio ndani.

"Dis-res-PECT-ful," akasoma. Kwenye mstari wa mwisho akapunguza mwendo, akatoa kila kipande kizima, na kila penye nguvu akapatia nguvu. "As-so-ci-A-tions." Kidole gumba kikazunguka tena. "QUES-tion-a-ble." Akamalizia *yours faithfully*, maneno ya kufungia barua, na jina langu. Hili la pili hakulipandisha sauti.

Akaiweka karatasi mezani, akainyoosha pembe.

Metroni alikuwa ameacha kuandika. Alimtazama Nyakio, akanitazama mimi, akamtazama tena Nyakio.

"Wewe nasoma mzuri sana," akasema. "Lakini nafahamu? Ama nasoma kama kasuku?"

"Nafahamu, memsahib."

"Sema."

"La kwanza ni mtu asiyetegemeka," Nyakio akasema. "La pili ni mtu asiyezuilika, kama ng'ombe aliyevunja boma. La tatu ni mtu asiye na heshima. Hilo la mwisho linasema kwamba nikiwa dispensari, urafiki wangu na watu wa huko ni wa kutiliwa shaka." Akaikunja ile leso. "Mengine yalikuwa rahisi."

"Nani alifundisha wewe?"

"Dresa wa shamba letu, memsahib. Wa hiyo dispensari. Tulikuwa tukikunja bandeji, mlango wazi, wagonjwa wakiwa nje."

Metroni akageuza kiti chake chote kunielekea.

"Mwalimu. Mimi iko na wazazi kumi na moja huko ndani, hapana wakati. Hii barua kweli ama uongo?"

Nilikuwa na jibu. Mtu aliyeandika barua kama ile hawezi kukosa jibu. Nilikuwa nimejiandalia la aibu ya mume, la mila, la heshima ya nyumba, tena kwa Kiingereza. Lote lilikuwa ulimini. Nilimtazama Nyakio ili nipate ghadhabu ya kulisemea. Alikuwa amesimama wima, mikono mbele, akimtazama metroni, akingoja kusikia kama ataipata kazi. Hakuwa akiningoja mimi. Na nikajua kwamba nikilisema lile jibu atatoka mle ndani, atapanda lori, atanipikia jioni, na kila mwanamke wa shamba atakayekuja kupiga hodi wakati wake umefika, Nyakio atatoka kwenda kushika mkono wake tu, kisha arudi aseme lile neno lake moja.

"Uongo," nikasema.

"Basi kwa nini andika?"

"Nilikuwa na wivu, memsahib."

Sijui kama alikuwa amewahi kusikia mwanamume akilisema hilo. Akachukua karatasi safi, akaisukuma mbele yangu, akaweka kalamu juu yake.

"Andika ingine. Maneno kidogo."

Niliandika nikiwa nimeinama, kwa sababu hakunipa kiti. Niliandika kwamba mke wangu ni mtu mwema, kwamba anafanya kazi kwa bidii, kwamba namruhusu aje. Halikuwepo neno lililozidi vipande viwili. Nilitia sahihi. Nyakio hakugeuza kichwa kuitazama.

"Hii mimi nasoma mwenyewe," metroni akasema. Akaisoma, akaitia ndani ya faili. Barua ya kwanza akaichana mara mbili, akaitupa ndani ya kapu. "Jumatatu. Kuja na nguo yako tu. Sasa ngoja nje, sista napima wewe yunifomu."

Tulikaa barazani. Akoth alikuwa angali pale, akiomba apewe nafasi ya pili. Wanawake wengine walimtazama Nyakio kwa macho ya kuuliza, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na walikuwa wamesikia yote ya Kiswahili, ila Kiingereza cha barua hawakukifuata. Mmoja akamwambia, "Umesoma kama redio, mama." Nyakio akamshukuru. Akavua koti langu, akalikung'uta vumbi, akalikunja vizuri, akaniwekea magotini.

Nilitaka kusema samahani na neno hilo likanishinda. Kwa hiyo nikauliza jambo ambalo hata leo sijui kwa nini nililiuliza kwanza.

"Ulijua saa ngapi?"

Sista alikuwa ametokea mlangoni na utepe wa kupimia, akiita jina lake. Nyakio akasimama, akanyoosha gauni.

"Neno la kwanza nilidhani nimekosea mimi," akasema. "La pili nikajua ni wewe. Yaliyobaki niliyasoma kwa sababu nilitaka kazi."

Akaingia ndani.